Ombi Letu la Kufukuzwa Pamoja na Magurudumu Yote

Kiwanja Namba 14 (kando ya nyumba),
Mtaa wa Mesa del Cuervo,
Las Cruces, New Mexico.
2 Septemba

Kwa Bwana Thurman Skaggs,
Mwenyekiti, Kamati ya Wenye Nyumba,
Mtaa wa Mesa del Cuervo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUTOFUKUZWA KWETU KWA SIKU SITINI NA MOJA

Nakusalimu kwa moyo uliojaa, maana moyo wangu siku hizi umejaa hadi hauna pa kuweka kitu kingine. Jina langu ni Idalene Truesdell. Nimelitumia jina hilo kwa miezi mitano na siku ishirini na nne, na bado kila nikiliandika natafuta kisingizio cha kuliandika tena. Mimi, Idalene Truesdell, ni mke wa Bwana Orval Truesdell. Yeye ana miaka sabini na mmoja, mimi sitini na minne. Sisi ndio wale wa trela ya rangi ya maziwa yenye mstari wa kijani, iliyoegeshwa kando ya nyumba ya binti yangu Kendra na mumewe Anselmo Baca. Hatuna nyumba nyingine duniani. Trela ndiyo nyumba, na pikapu ya Orval ndiyo inayoivuta.

Naandika kwa heshima zote kulalamika kwamba Kamati yako haijatufukuza.

Najua Alhamisi mnakutana kupiga kura juu yetu. Kabla hamjanyoosha mikono, naomba msome malalamiko yangu, ambayo nimeyapa namba ili msije mkayapuuza hata moja.

1. Kifungu cha Tisa cha sheria za mtaa huu kinasema kwamba nyumba yoyote ya magurudumu isikae kiwanjani zaidi ya saa sabini na mbili. Nilikisoma kabla hatujaja, nikakipenda. Nilimsomea Orval kwa sauti, akasema, "Hawa watu wana akili." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tunaoishi barabarani tumeupanga ukweli huo uwe maisha yetu yote: siku ya kwanza kukumbatiana, siku ya pili kula, siku ya tatu washa injini wakati watu bado wanakutamani. Nilikuwa nimepanga kuja kwa Kendra siku tatu, kisha kwenda na mume wangu pwani ya Oregon kula fungate yetu, kisha kurudi baada ya miezi mitatu nikiwa nimetamaniwa upya. Tulifika tarehe tatu Julai. Tarehe sita asubuhi tulikuwa tumeshakunja turubai la kivuli na kufunga kabati za vyombo, tumekaa kwenye viti vyetu viwili tukisubiri karatasi yenu ya onyo.

Haikuja. Aliyekuja ni jirani yetu Bi. Consuelo Lucero, na sinia la enchilada, zile chapati za mahindi zilizokunjwa na kumwagiwa mchuzi wa pilipili, lililofunikwa kwa taulo.

Orval akamuuliza, "Mama, umekuja kutushtaki?"

"Kula kwanza," akasema. "Nitakushtaki ukibakiza."

Hatukubakiza. Hilo ni kosa letu, nalikiri.

2. Mkwe wangu Anselmo kazi yake ni kumwaga zege. Ni kijana mwema, haongei sana, na ndiyo maana sikushtuka mapema. Wiki ya pili alituambia tupeleke trela mbele kidogo, halafu akaja na wenzake wanne na lori linalozunguka tumbo. Kufikia Jumamosi tulikuwa na sakafu ya zege mita kumi na mbili kwa nne, nguzo ya umeme ya kwetu wenyewe, na pembeni, Bwana Mwenyekiti, tundu la maji taka lenye kifuniko cha shaba.

"Zawadi ya harusi," akasema Anselmo. "Imechelewa kidogo."

Wewe una nyumba ya matofali, huenda hujui tundu la maji taka ni kitu gani kwa mtu wa trela. Nimewaona wanaume wazima wakisimama kwenye tundu la mwenzao wakiwa wamevua kofia. Orval alilia. Akamkumbatia Anselmo, akalia tena. Kesho yake asubuhi akaamka, akavaa glavu zake za kazi, akatoka nje, akasimama. Kila siku ya tano kwa miaka minane alikuwa akivuta tangi la maji machafu kwenda kulimwaga, na huko ndiko alikokutana na watu, akasikia habari za barabara, akajua daraja gani limekatika na nani amefariki. Sasa alikuwa na tundu mita moja kutoka kitandani, na hana pa kwenda. Alirudi ndani na glavu zake mkononi akaniuliza kama nina kitu chochote kinachovuja.

3. Hili la tatu ni la mapenzi, naomba lisomwe na mtu mwenye sauti nzuri.

Mimi na Orval tulikutana mwezi Januari, kwenye jangwa la Quartzsite, wanakokusanyika watu wa trela wakati wa baridi. Mimi nilikuwa mjane kwa miaka kumi na tisa, nimekwenda kumtembelea rafiki. Orval alikuwa anarudisha trela yake nyuma kati ya mti wa miiba na basi la mtu mwingine, na wanaume wawili walikuwa wanampigia kelele, mmoja kushoto, mmoja kulia, kila mmoja na kulia kwake. Mimi nilikwenda nikasimama nyuma, upande wa dereva, pale ambapo niliweza kuuona uso wake kwenye kioo cha pembeni. Kila anayeishi hivi anaijua sheria hiyo: usipomwona dereva kwenye kioo, na yeye hakuoni. Nikainua mikono miwili, nikamwita taratibu.

Aliteremsha dirisha akasema, "Nyie wawili nendeni mkanywe kahawa. Wewe mwenye kofia ya njano, usiondoke hapo."

Sijaondoka, Bwana Mwenyekiti. Aliingia kwa mkono mmoja, hakugusa hata mwiba. Akashuka, akanishika bega, akasema, "Mke wangu wa kwanza na mimi tulipeana talaka kwa jambo hili." Kwa watu wetu, hiyo ni posa. Ndoa ngapi zimevunjikia nyuma ya trela! Mume anageuza usukani, mke anapunga mkono, mume anauliza "Huo ni 'njoo' au 'simama'?", mke anajibu kwa maneno ambayo watoto wa jirani hawasahau. Sisi hatujawahi kukosana hata mara moja. Tulioana mwezi Machi, kwenye chumba cha kufulia cha kambi, mashine zikiwa zimezimwa kwa heshima yetu. Na kila tulipofika mahali papya, nilisimama nyuma, na uso wake ukanitafuta kwenye kile kioo kidogo mpaka ukanipata, ukatabasamu. Sijui kama umewahi kutazamwa hivyo. Mtu anakutafuta wewe kwa sababu bila wewe hajui nyuma yake kuna nini.

Tangu siku zege lilipokauka, mume wangu hajarudisha kitu chochote nyuma. Sasa ananitazama ana kwa ana, na anauliza mchana tunakula nini.

Mara moja tulijaribu. Orval aliwasha pikapu peke yake, bila trela, aje nyuma mita tano tu, nami nikavaa kofia yangu ya njano nikachukua nafasi. Kendra alitoka mbio jikoni.

"Mama! Toka hapo, utagongwa!"

"Namwongoza baba yako wa kambo."

"Gari ina kamera, Mama. Inapiga kelele yenyewe."

Ni kweli ilipiga kelele. Orval akaizima.

4. Binti yangu amekuwa mama yangu. Anagonga dirisha saa tatu asubuhi, "Mmeamka?" Anauliza tunakwenda wapi, tutarudi saa ngapi, na kama Orval amekunywa dawa ya shinikizo la damu. Tukienda mjini kula aiskrimu ya pilipili na karanga, tunarudi tunamkuta barazani amekunja mikono. Nilimlea vizuri, sasa nalipia.

Na juzi, saa nane mchana, wakati Pilar, mjukuu wangu wa miaka mitano, yuko shule, mimi na mume wangu tulikuwa ndani tunapumzika kama watu waliooana. Jioni, mezani, mbele ya maharagwe, Kendra akasema:

"Mzee Orval, zile jeki za nyuma hamjazishusha vizuri. Trela ilikuwa inatikisika."

Anselmo akasema, "Ni upepo."

"Upepo gani, Anselmo? Hata nguo kwenye kamba hazikucheza."

"Basi ni zege," akasema Anselmo, akitazama sahani yake. "Bado linatulia."

Bwana Mwenyekiti, zege hilo halina kosa lolote. Naomba jambo hili lisiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Lakini uniambie wewe mwenyewe: fungate ya watu wawili wazima inawezaje kuliwa mita kumi kutoka kwenye mashine ya kufulia ya mtoto wao?

5. Tumejitahidi kufukuzwa. Sitaki ionekane kwamba tumekaa tu tukisubiri serikali. Baada ya kuona Kifungu cha Tisa kimelala, tulisoma vingine. Kifungu cha Kumi na Mbili kinakataza kuanika nguo za ndani mahali panapoonekana barabarani. Orval akatundika zake ndefu za baridi, jozi nne, kwenye ua wa mbele. Bi. Lucero akaziondoa, akazipiga pasi, akazileta zimekunjwa, moja ameitia kiraka. Kifungu cha Ishirini kinakataza muziki wenye kuudhi. Orval alipuliza kinanda cha mdomo saa moja nzima, wimbo mmoja tu, na anaupuliza vibaya. Wazee wawili wa namba 11 wakaja na viti vyao. Sasa wanakuja kila Jumanne, na mmoja ameleta gitaa.

Wewe mwenyewe, Bwana Skaggs, ulipita na mbwa wako ukatupungia mkono. Ukasema, "Mmependezesha mtaa." Nililia nilipoingia ndani. Mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba anapunga mkono! Tukikosa ukali kwenu, tukautafute wapi?

6. Sasa nafika kwenye kura ya Alhamisi.

Kendra aliwaandikia, bila kuniambia, akaomba tupewe kibali cha kudumu. Nanyi mmemjibu vizuri kupita kiasi: mtakubali, mradi tu trela iondolewe magurudumu yote manne na ule mkono wa mbele wa kuvutia, iwekwe juu ya matofali, ihesabiwe kuwa sehemu ya nyumba. Barua yenu ina picha ya ua pembeni. Mliifikiria vizuri.

Nilimfuata Kendra kwenye kamba ya nguo nikamuuliza, "Nani amekuambia nataka kukaa?"

Akasema, "Sijakuomba ukae, Mama. Nimeomba kibali tu."

"Kibali cha nini?"

"Cha wewe kukosa sababu ya kuondoka."

Halafu akaendelea kuanika, na mimi nikampa vibanio kimoja kimoja.

Ninyi hamkumjua baba yake Kendra. Alikuwa mtu mzuri, mwalimu wa useremala. Tuliishi naye nyumba moja kule Lubbock miaka ishirini na mitano, na kila mwaka tulisema tutakwenda kuiona bahari watoto wakimaliza shule. Mtoto wetu alikuwa mmoja tu, Kendra. Alimaliza shule mwezi Mei. Baba yake akafa mwezi Agosti, kwenye kiti chake, ramani ya barabara ikiwa bado ndani ya plastiki yake. Nilikaa ndani ya nyumba ile miaka mingine mingi nikiifuta vumbi. Kwa hiyo Orval alipokuja na magurudumu yake, sikuolewa na mwanamume peke yake. Yale magurudumu nayo niliyakubali kwa kiapo, kwa shida na raha.

Ndiyo maana naogopa. Sikuogopa mtoto wangu asinitake karibu naye, maana hilo nililizoea. Watoto wakubwa wana maisha yao. Ninachoogopa ni kwamba ananitaka, nami naona siwezi kumwambia hapana, na siku moja Orval ataketi kwenye kiti juu ya zege hilo zuri, na bahari tutakuwa hatujaiona.

Kwa hiyo ombi langu, Bwana Mwenyekiti, ni hili. Alhamisi mtufukuze. Mfanye kwa barua, yenye muhuri, kwa maneno makali. Mtupe saa sabini na mbili, au pungufu. Mseme tumeharibu sura ya mtaa. Mkiniachia mimi niamue kuondoka, mwanangu atanikasirikia, na ana haki. Lakini mkitufukuza ninyi, nitaondoka nikilia kwenye dirisha la pikapu, yeye atalia barazani, tutapendana kwa uchungu njia nzima hadi Oregon, na atawachukia ninyi. Kwani kamati ni ya nini? Mtu akiwa na familia anahitaji mahali pa kuweka lawama, na mahali hapo lazima pawe na mwenyekiti na katibu. Mabega yenu ni mapana. Wewe hasa, Bwana Skaggs, una uso ambao mtu anaweza kuuchukia bila kujilazimisha. Nasema haya kwa nia njema.

Mkihitaji ushahidi dhidi yetu, nitauleta mwenyewe. Nitasaini chochote. Nimeambatanisha hapa orodha ya vifungu saba tulivyovivunja, pamoja na tarehe, na picha ya nguo za ndani kabla hazijapigwa pasi.

Nisalimie Bi. Skaggs, na umwambie goti lake alipashe moto kwa chumvi kama tulivyozungumza. Msalimie katibu, mhazini, wazee wa namba 11, na yule bibi wa kona anayefikiri mimi ni mke wa Anselmo. Mbwa wako pia nampa salamu.

Nabaki mtiifu wako, ninayeomba usinitendee wema,

Bi. Idalene Truesdell
(Truesdell)

N.B. Nilikuwa nimeshaibandika bahasha, imenibidi niifungue kwa mvuke wa chai. Ni juu ya tarehe. Mtakapotufukuza, naomba isiwe mwezi huu, kwa sababu Bi. Lucero anachoma pilipili za kijani za mwaka mzima, magunia sita, na nimemwahidi kumenya. Oktoba Pilar anataka kuwa bundi kwenye sherehe ya shule, na manyoya ya bundi hayashonwi barabarani. Novemba Orval atakaanga bata mzinga uani kwa ajili ya watu kumi na tisa. Desemba mmemteua ninyi wenyewe kujaza mchanga kwenye mifuko ya karatasi ya kusimamishia mishumaa ya mkesha wa Krismasi, mtaa mzima, naye ameshaanza kuuchekecha. Januari ingefaa, lakini Januari Kendra hataruhusiwa kuinama wala kubeba kitu, na Februari ndiyo kabisa haiwezekani, kwa sababu Februari anajifungua. Hakuna anayejua ila mimi na Orval. Hata Anselmo hajui; Kendra atamwambia Jumapili, kwa hiyo nakuomba ukifika hapa kwenye kikao ukohoe kidogo uruke mstari.

Ameniambia leo saa nne asubuhi, wakati barua hii iko mezani imekauka wino. Aligonga dirisha kama kawaida yake. Nikasema, "Tumeamka, Kendra, tumeamka!" Hakuondoka. Nikafungua. Akasema, "Mama, naogopa," akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, na nywele hajachana. Kisha akaniambia. Kisha akasema, "Na kama unataka kwenda Oregon, nenda. Nitakuwa sawa." Alipokuwa mdogo, meno yake yakimuuma, alikuwa anasema vilevile.

Nikamwambia Orval. Akasema bahari ina miaka mingi, haina haraka. Tutaondoka mwezi Mei na pikapu na hema, wiki tatu, turudi. Akavaa glavu zake akatoka nje. Nilipochungulia, Bwana Mwenyekiti, alikuwa amelala chini ya trela, na magurudumu mawili yalikuwa yameshaegemezwa ukutani.

Kwa hiyo tafadhali endeleeni na kura yenu, na kama mna spana kubwa ya kamati, mtu ailete leo kabla ya chakula cha mchana. Gurudumu la tatu lina nati moja imeshika kutu, na Orval anasema haitoki mpaka wawili wavute.